Belo la Jumanne

Jumanne nilikata kamba za belo, soko la Sabasaba, Mtwara,
nikatoa sweta za nchi za baridi, jinzi,
gauni la harusi lenye doa la mvinyo,
na katikati, kama mgeni aliyekosea mlango,
kitu kizito, chekundu, hakina lebo wala kifungo,
hakina mikono: mraba wenye tundu la kichwa.
Nikakitupa kwenye fungu la buku mbili.
Atatokea mtu, nikasema, wa kufunikia redio.

Somoe Nandonde alikuja na mikeka kichwani
kutoka Mitengo, kumtafutia mjukuu sare.
Sare hakuitazama.
Alikigeuza kile kitu ndani nje,
maana fundi humsoma fundi upande usioonyeshwa wageni.
"Abilahi, hiki hakikuguswa na mkasi.
Tazama pindo: uzi umekwenda, umefika, umerudi nyumbani.
Na vipande ni vitatu,
vimeshikanishwa kama tunavyoshikanisha kili kwa shazia."

Akaketi palepale, juu ya sweta zangu,
akahesabu kwa ukucha: mbili chini, moja juu, mbili chini,
na uzi wa rangi, wa ziada, umepenyezwa kwa vidole
safu baada ya safu.
"Huyu alijifunga nacho kiunoni.
Huoni huku kumekaza, huku kumelegea?
Hapa alivuta pumzi.
Hapa mgongo ulimuuma."
Mimi niliona nyekundu tu.

Kisha ukucha ukasimama.
Ndege kumi na mmoja walikuwa na miguu miwili.
Wa kumi na mbili alikuwa na mmoja.
"Hapa aliitwa. Mtoto alilia, au chungu kilifurika."
Akacheka peke yake, cheko la mtu
aliyekutana na jirani ugenini.

Mjukuu akaiuliza simu. Simu ikajibu:
Guatemala, milimani, wanawake wa Kimaya,
vazi huitwa huipili; ncha moja ya mtambo hufungwa mtini,
nyingine huzunguka nyuma ya mfumaji.
Somoe hata hakugeuka. "Nilisema kiunoni."

Nikapandisha bei. Elfu kumi na tano.
Mnada wa korosho ulikuwa haujaitwa, nilijua hana.
Akaniachia mkeka wa njia tisa, akachukua huipili,
na mjukuu, bila sare, akanuna hadi stendi.

Wiki tatu alipambana nayo.
Alichana ukindu, akachemsha rangi,
akafunga ncha ya ukili kwenye kidole gumba cha mguu.
Ndege hakuja.
Uzi wa kule husimama na kulala, kama ukuta na sakafu;
ukindu wetu huenda mshazari,
kama mtu anayemkwepa mdai wake.
Mara ya kwanza alipata kunguru aliyegongwa na bodaboda.
Mara ya pili, samaki.
Akafumua, akasuka, akafumua,
na ukindu, ukikunjwa sana, huchoka kama sisi.

Ijumaa moja akatua mkeka mbele ya meza yangu.
"Ndege nimemwachia mwenyewe," akasema.
"Nimechukua mwendo wake."
Pembe nne, pembe nne, nyeusi na nyekundu,
zikifuatana kutoka pindo hadi pindo,
na umbo la kumi na mbili, kona moja haipo.

"Hapa umekosea, Bi Somoe."
"Sikukosea. Nimeitika."

Huipili sijaiona tena. Wanasema anaivaa ndani,
usiku, mgongo unapomsumbua. Sijui.
Mkeka ninao, umetundikwa nyuma ya jinzi.
Wateja huugusa, hupima kwa mikono, hufika pale kwenye kona,
huniambia, kaka, huu una kasoro, punguza.
Naongeza elfu mbili.